Matanga ya Aliye Hai

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hainitoki. Miaka imepita, nimehama miji na miji, lakini nikipanda ngazi za ghorofa lolote nikakutana na harufu ya mawese yakichemka, naiona tena: sisi tumesimama kwenye koridoo na sufuria na mikeka, na mama wa watu amekaa sakafuni ameshika kichwa, analia msiba ambao haukuwepo.

Nitakusimulia polepole. Najua umekubali kuingia katika kazi ile ile niliyoifanya mimi, ya kuwatembelea vijana wenzako waliojifungia ndani. Najua pia, ingawa hujaniambia, kwamba nawe una siku zako za kujifungia. Sikulaumu. Sikiliza tu, uchukue kile kitakachokufaa.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilitoka Kigoma nimemaliza kidato cha nne, na tangu siku niliyopanda treni pale stesheni sijawahi kukaa mahali nikatulia. Nilikaa Dar, nikakaa Nairobi, nikapita Afrika Kusini, mwisho nikajikuta Tottenham, kaskazini mwa Landani, nasafisha ofisi alfajiri na kulala mchana. Mtu akiniuliza ninatafuta nini, sikuwa na jibu. Hata leo sina. Ninachokumbuka ni kwamba kila mji niliofika, kitu cha kwanza nilitafuta duka linalouza mawese, na nikilipata nilijiona nimefika.

Tottenham nililipata kwa Wakongo. Sisi wa Kigoma na wao wa Uvira ni watu wa ziwa moja. Kukiwa kweupe, ukisimama kwetu unaiona milima yao ng'ambo. Waliponisikia naongea walinicheka, wakasema Kiswahili changu ni cha redioni. Kisha wakanikalisha, wakanipa ugali na sombe, yaani kisamvu, na nilipoinamia ile sahani macho yakaniwasha. Nikasingizia pilipili.

Basi kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Sista Harjit. Alikuwa Mpunjabi, mzaliwa wa Kisumu, baba yake alikuwa na duka la misumari na mabati huko. Aliishi Southall na alikuwa muuguzi kwenye kliniki ya wagonjwa wa akili. Kiswahili chake kilikuwa cha sauti kubwa, hakijali ngeli wala mtu. Kilichomsumbua ni kuona vijana wetu wakifika kwake wameshachelewa, wameletwa na polisi, au wameokotwa kituo cha treni hawajui wanakwenda wapi. Aliomba ukumbi wa kanisa, akatangaza anatafuta watu wanaojua Kiswahili wamsaidie kuwafikia mapema. Mimi nilikwenda kwa sababu ya chai ya bure, na kwa sababu ndani ya ukumbi ule ningekisikia Kiswahili.

Siku hiyo hiyo aliniwekea simu mkononi.

"Wewe hukai mahali pamoja," akaniambia. "Nimekuuliza umeishi wapi, umenitajia miji mpaka chai imepoa. Sasa hiyo ugonjwa yako tuitumie. Utatembea."

Ndivyo nilivyokuwa mratibu. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga simu nyumba hadi nyumba, kupanga nani aende na nani, nani aongee na mama kwa Kiswahili na nani aongee na mtoto, maana watoto wa huku, unajijua mwenyewe, unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza.

Tulianza vibaya. Tuliandika tangazo zuri lenye maneno "afya ya akili", tukaligawa mlangoni mwa kanisa ibada ilipoisha. Akina mama walilipokea kwa heshima, wakalisoma, wakaligeuza upande wa pili kuona kama kuna maneno mengine. Mmoja alinirudishia. "Aksanti baba, lakini mutoto yangu si mwendawazimu." Ukumbini tulipanga viti duara, tukaweka biskuti. Tulizila wenyewe.

Halafu likaja jambo la Amani.

Amani alikuwa kijana wa Mama Faida, Faida likiwa jina lake mwenyewe, mama aliyehudumia wazee majumbani mwao, akitoka kwa huyu akienda kwa yule kwa basi. Walitoka Uvira kijana akiwa mdogo. Alikuwa mrefu, mcheshi, alipiga ngoma kanisani. Kisha akaacha chuo. Akaacha kanisa, akaacha marafiki, akabaki chumbani. Mama yake alikuwa anamwekea sahani mlangoni asubuhi, akirudi anaikuta vile vile imekauka. Walimwombea. Mama alituambia ni uchovu, ni ujana, ni hii baridi.

Nilipanga watu wawili waende. Walivaa vitambulisho vya kliniki shingoni, kama tulivyoelekezwa. Amani aliwaona dirishani wakivuka uwanja, akadhani wamekuja kumchukua. Akasukuma kitanda chake mpaka mlangoni, na kutoka hapo hata mama yake hakumwona uso.

Siku moja Mama Faida aliniambia kwenye simu, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba kijana alimwambia kwa Kiingereza, nyuma ya mlango, "Mama, nimechoka kuwepo." Yeye alielewa kwamba amechoka kuwepo Landani. Nilipomfikishia Sista Harjit ukumbini, mbele ya wenzetu, aliweka kikombe chini.

"Hiyo si maneno ya kuacha ipite," alisema. Akampigia mama wa Amani pale pale, akamweleza kijana asiachwe peke yake, akampa namba ya kupiga saa yoyote mambo yakibadilika, akaahidi daktari angefika nyumbani mwanzoni mwa wiki. Kisha akatugeukia. "Daktari atakuja, sawa. Lakini daktari atagonga mlango kama wale wengine. Nani atafungua?"

Aliyejibu alikuwa Baba Kashindi. Huyu alikuwa dereva wa basi, mzee wa kanisa, na aliwahi kuwafundisha Amani na wenzake mpira siku za Jumamosi kabla ya kazi yake kubadilishwa zamu. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza.

"Sisi," alisema, "mtu akifiwa tunafanya nini? Hatumwiti ukumbini. Hatumwulizi anajisikiaje. Tunakwenda kwake, tunatandika mikeka, tunapika, tunakaa. Akitaka kulia analia, akitaka kunyamaza ananyamaza, lakini hakai peke yake. Hii kazi tunaijua. Twendeni tukakae kwa Amani kama tunavyokaa matanga."

Wazo hilo tulilipenda wote. Sista Harjit alilipenda kupita sisi. Alipiga meza akasema atakuja na chapati.

Sasa sikiliza, mwanangu, namna watu wenye nia njema wanavyoweza kuvamia nyumba. Mimi ndiye niliyekuwa na simu. Kabla ya kila ziara nilimpigia mama wa nyumba nikaomba ruhusa. Safari hii hakuna aliyekumbuka kupiga, mimi wala wao. Matanga hayana mwaliko. Tangu tumezaliwa hatujaona mtu anampigia mfiwa simu kumwuliza kama aje. Tulipolipa jambo letu jina la matanga, tukalifanya kimatanga kweli kweli.

Tulikutana chini ya ghorofa la kina Amani Jumamosi mchana. Akina mama walikuwa wamefunga vitenge kiunoni. Kila mmoja alikuja na kitu, maana huji mikono mitupu: mchele, sukari, mafuta, maji ya chupa. Mimi na mwenzangu tulibeba sufuria kubwa ya kanisa, ile ya kupikia harusi. Baba Kashindi alivaa koti lake jeusi, si kwa sababu yoyote, ndilo alilokuwa nalo. Lifti ilikuwa mbovu. Tukapanda ngazi kwa miguu, kimya, kwa heshima, tukavua viatu vyetu kwenye koridoo na kuvipanga ukutani. Baba Kashindi akagonga.

Mama Faida alifungua bado yuko na sare ya kazi. Siku hizo Uvira kulikuwa kunapigwa risasi, na mama yake mzazi alikuwa huko, na simu zilikuwa haziingii. Sisi tulilijua hilo. Kila mtu pale alikuwa na ndugu huko. Lakini kulijua jambo na kulikumbuka mbele ya mlango ni vitu viwili.

Alimtazama Baba Kashindi. Akatazama sufuria. Akatazama mikeka.

"Nani?" akauliza.

"Mama, tumekuja kukaa na wewe," alisema Baba Kashindi, taratibu.

Na hayo, mwanangu, ndiyo maneno yenyewe ambayo watu husema.

Alipiga yowe ambalo sijapata kulisikia tena, na naomba nisilisikie. Akaanguka pale pale mlangoni. "Ni mama yangu! Munanificha nini? Weye Kashindi, walikupigia simu, sema! Ni mama yangu!"

Ungetegemea mmoja wetu aseme hapana. Lakini akina mama wetu walikuwa wamezoea, yowe likitoka wanalipokea. Wa mbele akaanza kulia, wa pili akadaka, koridoo nzima ikawa kilio. Mama aliyebeba sukari alinishika mkono, machozi yanamtiririka, akaninong'oneza, "Mwanangu, kwani nani amekufa?"

"Sijui, mama," nikamjibu, na mimi mwenyewe nilikuwa nalia. Nililia kwa sababu kilio kile kilikuwa cha kwetu kabisa. Tangu nitoke Kigoma sikuwa nimesikia watu wakilia pamoja namna ile. Jirani wa mlango wa pili, bibi mmoja Mwingereza, alitoka, akatuangalia, akasema pole kwa lugha yake, akarudi ndani taratibu.

Hapo ndipo tuliposikia kitanda kikiburutwa.

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka, na Amani akatoka mbio. Alikuwa amekonda, nywele zimeshikamana upande mmoja, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna. Hakutuona. Alipiga magoti, akamkumbatia mama yake kwa nguvu. "Ni Tate? Mama, ni Tate?" Tate ndivyo wanavyomwita bibi. Na alikuwa anaongea Kiswahili, yeye ambaye mama yake alisema hajamsikia akikitamka tangu aingie chuo.

"Hawanisemee!" mama alilia. "Wanasimama tu!"

Baba Kashindi alivua kofia. "Hakuna aliyekufa," alisema.

Kilio kilikatika mtu mmoja mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Hakuna?" aliuliza Mama Faida.

"Hakuna, mama. Bibi yuko salama kwa kadiri tunavyojua."

"Sasa hii sufuria?"

Baba Kashindi aliigeuza kofia mikononi.

"Kashindi. Nimekuuliza. Hii sufuria na hii mikeka ni ya nani?"

"Tulikuja kwa ajili ya Amani," alisema mzee.

Mama Faida alisimama. Nilimwona anakuwa mrefu kuliko alivyokuwa. "Munakuja kumulilia mutoto yangu angali muzima? Munamuletea matanga kwa mulango yake? Mutoke! Mubebe vitu vyenu, mutoke!" Akaanza kuisukuma mikeka kwa mguu. Akina mama waliinama kuokota viatu. Mimi nilikuwa nimeshashika sufuria tuondoke.

Lakini Amani hakuwa anamsikiliza mama yake. Alikuwa bado sakafuni, anatutazama mmoja mmoja. Akauangalia mchele. Akaangalia ule mstari mrefu wa viatu.

"Hivi vyote," alisema, "ndivyo mngeleta kama ningekufa?"

Mama aliyebeba sukari aliukumbatia mfuko wake.

"Nyinyi wote? Mngepanda hizi ngazi zote?" Akamgeukia mama wa sukari. "Wewe tunapanda basi moja. Huwa unashuka bila kuniangalia." Akamtazama Baba Kashindi. "Wewe uliacha kuja uwanjani. Tulikungoja." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayehesabu vitu alivyopoteza akashangaa kuvikuta vyote mahali pamoja. Kisha akatikisa kichwa, akasema lile neno ambalo mimi nimelibeba kila nchi niliyokwenda.

"Kumbe mnajua kuja."

Mwanangu, nimekaripiwa na mabosi, na mapolisi wa mipakani, na marehemu mama yangu ambaye ulimi wake ulikuwa mkali. Sijakaripiwa kama siku ile, na aliyetukaripia alikuwa mdogo kuliko sisi sote, amekaa chini na soksi moja.

Baba Kashindi aliinama kwa shida, magoti yake yalikuwa yameanza kugoma, akakaa chini naye, koti jeusi na yote.

"Ndiyo," alisema. "Tungekuja wote. Tungelala hapa. Mimi ningelia kuliko wenzangu wote, Amani, na wewe usingenisikia. Nimeona nije leo unisikie."

Amani alifunika uso. Mabega yakaanza kutikisika. Mzee hakumwambia anyamaze wala hakumwambia Mungu ni mwema. Alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

Mama Faida alisimama juu yao muda mrefu. Kisha alijifuta uso kwa mkono wa sare, akatugeukia.

"Viatu," alisema. "Musiache viatu kwa koridoo, wenye nyumba wanalalamika. Muingize ndani."

Tukaingiza viatu ndani. Tukaingia na sisi.

Kilichofuata hakina hadithi kubwa. Akina mama walichukua jiko. Mawese yakaanza kunukia. Mtu alimpa Amani kisu na vitunguu, akakaa nyuma ya mlango wa jikoni akivimenya, na hakuna aliyemwuliza chochote. Watu waliongea mambo yao: bei ya nauli, mchungaji mpya, samaki wa ziwani ambao huku hupati hata ukilia. Mimi nikasema migebuka ya Kigoma ni mitamu kuliko ya Uvira. Wakaniambia ni samaki wale wale, wanaogelea tu. Nikasema ndiyo, lakini wakifika kwetu wanaoga. Nikamsikia Amani anacheka puani, nyuma ya mlango.

Ndipo Sista Harjit akafika. Treni za kutoka Southall zilikuwa zimechelewa. Aliingia na trei ya chapati akihema kwa zile ngazi, akaona rundo la viatu, akaona macho mekundu ya akina mama, na Amani hakumwona, maana alikuwa nyuma ya mlango. Rangi ilimtoka usoni. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua vizuri hatari ilikuwa karibu kiasi gani.

"Nani amekufa?" aliuliza, na trei ikamponyoka, chapati zikatawanyika.

Kutoka nyuma ya mlango sauti ikasema, "Mimi. Karibu chai."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Mama Faida. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sista Harjit alimfuata Amani kule nyuma ya mlango, akamshika mashavu kwa mikono miwili. "Wewe! Wewe mtoto! Moyo yangu ni ya kizee, usinifanyie hivyo!" Akawa anacheka na kulia, na chapati zikaokotwa, na zikaliwa.

Baadaye, watu wakiwa wamepunguza kelele, nilimsikia akimwuliza. Hakuzunguka. Alimwuliza waziwazi kama amekuwa akifikiria kujiua. Mimi nilishtuka, nikadhani ataharibu kila kitu, nikadhani swali lenyewe litamsukuma kijana. Amani akasema ndiyo. Na nilimwona, mwanangu, kwa macho yangu, mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Sista alimshukuru kwa kumwambia. Akabaki naye, wakapanga mambo yake ya siku zile mpaka daktari afike. Daktari alipofika mwanzoni mwa wiki, aliyefungua mlango alikuwa Amani mwenyewe.

Sitakudanganya kwamba alipona siku hiyo. Alitibiwa, akapata nafuu, akaanguka tena, akalazwa, akatoka. Zilikuwepo wiki ambazo tulikuwa tunakwenda na hatoki chumbani, tunapika, tunamwachia sahani, tunaondoka. Lakini sahani ilikuwa inarudi tupu.

Kazi yetu ikabadilika. Tulivua vile vitambulisho shingoni, tukaviweka mfukoni kwa atakayetaka kuviona. Tulianza kwenda wachache. Na tuliiwekea kazi yetu sheria moja ambayo nadhani hakuna kikundi kingine duniani kinachoihitaji: kabla hujapanda ngazi na sufuria, piga simu useme hakuna aliyekufa. Watu wakatupa jina, watu wa sufuria. Mama akiona mwanawe amenyamaza sana, hakusema tena mutoto yangu si mwendawazimu. Alisema, "Njooni na sufuria." Hilo neno lilikuwa halimwaibishi.

Nilikaa Tottenham miaka mingi kuliko nilivyowahi kukaa popote, na nilijidanganya kwamba ni kwa sababu ya mawese.

Halafu simu ikaja kutoka Kigoma. Mama yangu. Karatasi zangu hazikuwa zimekamilika. Kama ningetoka nchini nisingeruhusiwa kurudi. Nilikaa chumbani kwangu nikifikiria nyumba yetu, nikiwaona majirani wanaingia na mikeka, wanamlilia mama yangu, na mimi sipo. Niliwaza ni nani amekaa mahali pangu. Sikwenda kazini. Sikupokea simu ya mtu. Mimi niliyekuwa nikiwapigia wengine, nilivuta pazia nikalala.

Mwisho niliipokea moja, kwa sababu haikukoma kulia.

"Kaka, nakuja," sauti ilisema. Alikuwa Amani. "Nimepiga kwanza, kama tulivyokubaliana. Na sisemi hakuna aliyekufa. Amekufa mama yetu. Fungua mlango wa chini, sufuria ni nzito."

Alikuja nayo kwa basi. Alinipikia vibaya sana, mwanangu, ugali ulikuwa na madonge. Nikaula wote.

Baada ya hapo ungedhani nisingeondoka tena. Nikaondoka. Sijui nina nini miguuni. Nilikwenda Leicester, karatasi zangu zikakamilika, nikavuka maji nikakaa Ubelgiji, nikarudi. Niliporudi Tottenham, lile ghorofa lilikuwa limezungushiwa uzio, wanalibomoa. Nilisimama kituo cha basi nikajaribu kuhesabu ni dirisha lipi lilikuwa la Mama Faida, nikashindwa. Baba Kashindi tumemzika. Walikuja watu wengi, na Amani ndiye aliyelia kuliko wote. Sista Harjit amestaafu, na nasikia kila mwaka anakwenda Kisumu kuangalia mahali lilipokuwa duka la baba yake. Namwelewa. Tunaotembea sana ndio tunaorudi sana, na tukirudi tunakuta watu wamehama na nyumba zimebadilika rangi. Jioni nyingine natamani niisikie tena ile koridoo nzima ikilia pamoja, hata kama ni kwa makosa. Natamani niwe kwenye zile ngazi, sufuria begani, mbele yangu koti jeusi la mzee.

Basi, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Ukimwona mwenzako amenyamaza, usingoje sababu kubwa ya kwenda kwake. Ile siku ambayo ungekwenda bila kualikwa, ukiwa na mchele na machozi, itangulie. Nenda kabla yake, ukiwa na mchele tu. Piga simu kwanza. Ukifika usimhukumu wala usimhubirie, kaa. Ukiwa na wasiwasi kwamba anafikiria kujidhuru, mwulize ukilitaja jambo hilo kwa jina lake, halitamwua neno lako, na usibaki na jibu lake peke yako. Tafuta mtu mwenye kazi hiyo, muuguzi au daktari, siku hiyo hiyo. Kupika kwetu hakukumtibu Amani. Kulimfungulia mlango, na waliomtibu wakaingia.

Na kama uliyejifungia ni wewe, nisikilize mimi niliyevuta pazia. Kichwa kitakuambia kwamba watu wamekusahau, na kwamba hakuna atakayepanda ngazi kwa ajili yako. Mimi nilikuwepo kwenye koridoo ile, nimewaona wakipanda. Wanajua kuja. Mara nyingi hawajui tu kwamba saa imefika, na wewe ndiye wa kuwaambia. Pokea simu moja. Sema, "Njooni na sufuria."

Ile sufuria yenyewe Amani anayo kwake, imeungua upande mmoja na mpini mmoja umetoka. Nimemwambia akupe. Yeye sasa ana watoto, na amenijibu kwamba atakuletea mwenyewe, na kwamba atapiga simu kwanza.

Nenda nayo, mwanangu. Kila mlango utakaougonga ufunguliwe na mtu aliye hai. Sahani zako zirudi tupu. Na siku yako ikiwa nzito, akuwezeshe Mungu kuunyosha mkono hadi kwenye simu, na usikie viatu vya watu wako vikipanda ngazi.